Rangi Ulizonikataza, Mama Mudogo

Mama mudogo Feza,

Nimevunja sheria yako, na nataka uisikie kwangu kabla ya mwingine kukuletea habari. Siku hizi ninachora kwa rangi. Wala si moja. Kijani, nyekundu ya udongo, nyeusi ya makala ya jikoni, hata mafuta ya mawese nimeyatia kwenye karatasi. Najua sura ambayo ungenionyesha, ile ya mutu aliyeuma limau.

Ni mwezi wa saba tangu tukuzike hapa Kasongo. Ningali nakaa mu nyumba yako. Mbuzi wako amezaa mapacha. Kwaya imepata mama mwingine wa kuanzisha nyimbo, lakini anaanzia juu sana, tukifika kiitikio wote tunakohoa. Mimi nacheka, halafu nakumbuka kwamba wewe hucheki pembeni yangu, na wimbo unanipotea.

Unakumbuka jinsi nilivyofika kwako? Siku mbili juu ya pikipiki kutoka Salamabila, kitambaa cha musiba kichwani, mudomo umefungwa. Shimo la dhahabu lilikuwa limemufunika mume wangu Amisi. Na siku ya maziko mama yake, Mama Kibibi, alisimama mbele ya watu akaninyoshea kidole: "Ni weye ulimutuma mu shimo." Na ni kweli nilikuwa nimemuomba Amisi atafute pesa ya mabati ya nyumba. Siku ya tatu nikakimbia.

Wewe hukuniuliza kitu. Ulikuwa mwalimu wa watoto wadogo miaka yako yote, labda ndiyo sababu. Ulileta kaye, daftari la vyumba-vyumba, na kalamu ya biki ya bluu, ukaniambia: "Usiandike kitu. Vuta mustari. Ukifika mwisho, vuta mwingine."

Kila alasiri, sombe yetu ya majani ya muhogo ikishatoka motoni, tulikaa nyuma ya nyumba tukachora. Mawimbi. Magamba ya samaki. Mbegu zilizopangwa moja-moja mpaka ukurasa ujae. Bila kufuta. Bila kuongea. Nilipoharakisha uligusa kifundo cha mukono wangu: "Mukono yako iko na haraka ya kwenda wapi?" Nilipookota kalamu nyekundu siku moja uliikamata, ukaitia mufukoni. "Rangi inapiga kelele. Hapa tunatafuta kunyamaza."

Usingizi ulirudi kwanza. Kisha sauti.

Halafu ukaenda wewe. Siku ya kwanza ya juma ulisema kichwa kinakuuma, ni tension tu, damu imepanda. Siku ya nne tulikuwa tunakuosha. Mama mudogo, hukunipa hata nafasi ya...

Ngoja.

Sikuchora tena. Nilifungua kaye yako, nikaona ukurasa ulioacha, magamba yamefika katikati tu, nikaifunga haraka kama mutu aliyemukuta mwenzake anaoga. Mukono ukawa mugumu. Usingizi ukaenda tena.

Lililonitoa pale ni jambo dogo la aibu. Nilikwenda sokoni kununua biki, na muchuuzi hakuwa na bluu. Zilikuwa zimeisha, zimebaki za kijani. Nilisimama mbele ya meza yake mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Nikanunua moja, nikaificha chini ya nyanya kama nimeiba. Nyumbani nikakaa mahali petu, nikavuta mustari wa kwanza. Machozi yalianguka juu ya karatasi, sikuyapangusa, nikavuta wa pili. Jua lilipoinama ukurasa ulikuwa umejaa, nami nilikuwa nimepumua mpaka chini ya tumbo, mara ya kwanza tangu ufe.

Haikupiga kelele, Mama mudogo. Nakuapia. Ilikuwa kama shamba la maharagwe baada ya mvua.

Toka hapo nikawa na njaa ya rangi. Nilisugua majani ya sombe kwenye karatasi, ikatoka kijani nyingine, ya kukauka-kauka. Nilisaga makala. Nilikoroga udongo mwekundu wa njia ya Wamaza, nikauchuja kwa kitambaa, nikaupaka kwa njiti niliyoitafuna ncha. Tone la mawese likadondoka kwa bahati mbaya. Nilipoinua karatasi kuelekea mulango, mwanga ulipita mahali pale kama dirisha. Sasa nadondosha kwa makusudi.

Kazi iliyonisumbua kuliko zote ni ya unga wa muhogo. Nilifikiri: nikichora kwa uji muzito, nikaacha ukauke, nikapaka udongo juu yake, kisha nikautoa uji, mustari utabaki mweupe. Mara ya kwanza nilikwangua ukiwa bado na maji, karatasi ikapasuka. Mara ya pili mende waliula wote, mustari kwa mustari, kwa utaratibu kuliko mimi. Mwishowe nikachukua mufuko wa sima ya kujengea, ule wa karatasi ngumu, nikaufua, nikauanika, nikachora kwa uji, nikautundika juu siku mbili mbali na mende, kisha nikapaka udongo ukakauka. Nilipousugua kwa kitambaa kikavu, uji ulianguka kama magome, na chini yake mawimbi yako yalikuwa yamesimama katikati ya wekundu. Nilipiga kelele mimi mwenyewe. Jirani alikuja mbio akidhani ni nyoka.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya nikuandikie.

Mama mumoja wa kanisani aliniambia kuna muzee wa kike kutoka Salamabila amelazwa hospitalini na kidonda cha muguu, hana mutu wa kumupikia. Niliuliza jina. Mama Kibibi.

Kwa siku mbili nilijifanya sikusikia. Siku ya tatu nilipika ugali na sombe, nikaenda. Aliniangalia, akala, akageukia ukuta. Siku ya pili yake vilevile. Sikujua niweke wapi macho yangu, basi nikawa nabeba kaye, nachora pembeni ya kitanda mpaka amalize kula.

Siku ya tano akasema, bila kugeuka vizuri: "Hiyo ni nini?"

"Ni mistari tu, Mama."

"Leta."

Hakuwahi kushika biki maishani mwake. Aliikamata kwa ngumi. Lakini mustari wake, Mama mudogo! Ulipita juu ya miwili, ukaingia chini ya mumoja, ukatokea tena, naye akihesabu kwa pumzi. Nilikuwa sijui kwamba ujana wake wote alisuka mikeka. Kisha akagonga ukurasa wangu kwa kucha. "Weye unajaza pote. Unaogopa nini? Acha mahali pa kupumua."

Wewe nami hatukuacha nafasi hata siku moja. Nilijaribu. Kuacha mahali patupu kulinitisha kuliko rangi zote.

Na hapo, mukono wake ukiendelea, macho kwenye karatasi, akasema: "Miye pia nilimutuma, Riziki. Nilimuambia muguu inaniuma, atafute pesa ya dawa. Ile siku ya maziko nilikupa weye muzigo yote, kwa sababu ya kwangu ilinishinda."

Alikuwa amefika pembe ya ukurasa, hajui mustari ugeukie wapi. Nikamuonyesha kwa kidole. Akageuza, akaendelea. Tukalia hivyo, kila mumoja na kazi yake.

Kidonda cha muguu kimefunga sasa. Yuko hapa kwako, Mama mudogo, natumaini hutakasirika. Tunagombana juu ya nyekundu, anasema naipaka kama mutu anayepiga lipu. Watoto wa majirani amewakataza kugusa biki zake, ana nne.

Juma lijalo tunakwenda Salamabila, yeye na mimi. Kaburi la Amisi sijaliona tangu liwe na majani. Ile mara uliyonisindikiza kwenda kulitazama, nilishuka kwenye pikipiki tulipofika Wamaza, kabla ya kufika, nikakuambia miguu inakataa, nawe hukunilaumu. Uliwaambia waendesha pikipiki wageuze. Bado naogopa. Mama Kibibi anasema atakaa nyuma yangu, anishike kiuno.

Pumzika, mama yangu. Asante kwa kila alasiri uliyonipa. Nakuahidi jambo moja tu, na hili nitalishika: safari hii sitashuka Wamaza.

Mutoto wako,
Riziki