"Dahari" Katika Barua ya Mama Yako

Karakana ya Mabango,
Mlango wa Kijani,
S.L.P. 47.
9 Juni

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa mtu ambaye bila yeye mji huu ungekuwa bubu, maana hakuna duka lenye jina ambalo mkono wangu haukuliandika. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila mgongo unanikumbusha ngazi.

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya ngazi hiyohiyo, nusura nianguke. Unasema mama yako amekuandikia "nakungoja tangu dahari", wenzako kazini hawalijui neno hilo, na sasa wataka kuiacha kazi uliyoianza juzi urudi, ukidhani dada yangu anaugua au amekukasirikia. Tulia, mwanangu.

Dahari ni neno la wazee. Ni zamani isiyo na tarehe, ile ambayo hata babu wa babu yako aliikuta. Ukisema "tangu dahari watu huoana na kugombana", umepatia. Ukisema "sijala tangu dahari" na asubuhi ulikunywa chai, hapo umetia chumvi, na chumvi hiyo inaruhusiwa.

Mimi mwenyewe nililiandika juu ya mlango wa kinyozi: KINYOZI TANGU DAHARI. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, wapanda baiskeli wakawa wanasimama. Fundi viatu wa jirani akaniuliza, "Dahari ipi, shemeji, na kiti bado kina nailoni ya dukani?" Nikamwambia, "Wewe gonga soli, maneno tuachie wenyewe." Akasema, "Basi niandikie na mimi. Nilifungua Jumanne."

Mama yako ni mzima. Jana alinifukuza jikoni kwa mwiko, na mbio anazo. Macho tu ndiyo hayaoni karibu, kwa hiyo barua hunitajia, mimi naandika.

Mkaza mjomba wako anakusalimu, na Kidevu, yule kinyozi, pia, na nyanya yako ambaye bado anauliza kama unakula. Mungu akupe riziki isiyokuchosha na usingizi usiokatika.

Mimi mjomba wako akupendaye kuliko anavyojua kusema,
Fundi Herufi

Tena: bahasha nilikwisha kuigundisha, nimeifungua. Mama yako hakusema dahari. Alisema, "Mwambie nimemkumbuka, aje akipata likizo." Nikaona ni fupi mno kwa mwandiko wangu. Na maana ya dahari nimeipata jana, kwa mwalimu anayepanga chumba cha pili.