Mashine Iliyoua Lubisi

Jumatatu, 2 Juni

Bomba la sokoni, waridi. Bomba la zahanati, waridi. Bomba la stendi, waridi hafifu lakini linakubalika. Nikitia unga wa kipimo, maji yakageuka rangi ya waridi, maana yake dawa ya kuua vijidudu ipo na Kasulu inakunywa salama. Mashine mpya inadondosha dawa yenyewe kwa sola kule tangini. Niliipigania mimi. Meneja wetu wa mamlaka ya maji anaiita ubunifu endelevu na anaitaja hata akiagiza chai.

Jioni nikachungulia pipa la uani la mwenye nyumba wangu, Mama Toyi. Huweka akiba ya maji ya bomba humo kwa sababu ya mgao. Viluwiluwi wa mbu wanacheza. Nikatia kiganja kizima cha vidonge vya dawa hiyohiyo. Mwenyewe hayupo. Tenda wema nenda zako.

Jumamosi, 7 Juni

Nimetoka kanisani nikakuta wanawake wamejaa uani, kimya. Nikadhani msiba. Kumbe lubisi ya Mama Toyi, pombe yake ya ndizi, imegoma kuchacha. Ndizi alizokamua juzi bado juisi tamu, ya kumpa mtoto. Wateja wake wa Jumamosi wamekaa na vikombe vitupu.

Wameshakata shauri: dawa ya mashine imeua pombe. Nikawaelimisha kwamba dawa ya bombani ni kidogo mno, haiwezi. Niliongea vizuri sana. Mama Toyi hakunipa hata mkaa wa kuwashia jiko.

Mimi Msabato, pombe siijui. Lakini mashine yangu naijua. Imenikera.

Alhamisi, 12 Juni

Sokoni, maji meupe. Zahanati, meupe. Stendi, meupe. Hata dalili ya waridi hakuna. Nikabadilisha unga wa kipimo, nikasuuza chupa, nikaomba. Meupe.

Meneja kasema wakaguzi wanakuja Alhamisi ya tarehe 26. Wakikuta hivi, mashine inahamishiwa Kibondo, na mimi niliyeipigania nitajieleza kwa maandishi.

Ijumaa, 13 Juni

Waridi kila mahali. Nahisi nachezewa.

Jumatano, 18 Juni

Fundi wa mashine kaja kutoka Kibondo. Kafungua, kapuliza vumbi, kafunga. Nzima kabisa, anasema. Kala ugali wa muhogo sahani mbili, kaondoka. Nilipomsindikiza kaniuliza kama Kasulu ina wachawi. Nikacheka, ila niliwaza.

Alhamisi, 19 Juni

Maji meupe tena. Sikungoja mtu. Nimepanda bodaboda hadi tangini, upande wa Heru Juu. Mzee Ntakije, mlinzi wa tangi, amekaa kwenye kigoda anakula mahindi ya kuchoma. Mashine imezimwa. Si mbovu. Imezimwa kwa kidole.

Sisi Wapare tunasifika kwa kesi. Nikaanza kumsomea mashtaka. Akanisikiliza hadi mwisho, akanipa hindi. Kisha akanieleza bila wasiwasi wowote: Alhamisi ndiyo siku wanawake wanateka maji ya lubisi ya Jumamosi, basi anazima alfajiri na kuwasha jioni. Mtaa mzima unajua. Meneja mwenyewe alisema kwenye kikao tuwasikilize wateja. Yeye amewasikiliza.

Nikamuuliza nani kasema dawa inaua pombe.

"Pipa la Mama Toyi," akasema. "Lile la uani. Maji yake ya lubisi hutoa humo siku zote. Juzi hapa hata povu halikupanda."

Nikaliweka hindi chini. Pipa la uani. Kiganja kizima.

Nimerudi kwa miguu. Naona aibu hadi masikioni.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwambia. Nilitaka kuanzia na viluwiluwi lakini nikaanzia na vidonge, ikawa vibaya zaidi. Mama Toyi alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

Mwisho akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha:

"Mwana wanje, hapa anayeharibu pombe ya mtu hulipa pombe. Utakamua wewe. Kwa maji ya bomba, na mashine ikiwaka. Isipochacha, mashine yenu iende Kibondo, na wewe uifuate."

Nikamwambia mimi ni Msabato. Akasema kukamua si kunywa.

Jumapili, 22 Juni

Nimekamua. Ndizi mbivu na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, mikono hadi viwiko. Wanawake wamekuja na vigoda kutazama shahada yangu ya chuo ikikamua. Wakasema nakanda kama nambembeleza mtoto. Maji nimeteka bombani mbele yao na kuyapima: waridi. Nikatia unga wa mtama, wakafunika kwa majani ya mgomba.

Nimeomba usiku kwa ajili ya pombe. Mungu anisamehe, sikujua niombe vipi.

Jumanne, 24 Juni

Nilisikia kabla ya kuona. Inachemka bila moto. Povu limeinua majani.

Mama Toyi akamwita Mzee Ntakije aonje kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye swichi. Akavuta mrija. Akafumba macho. Nilishika kanga yangu nikaipinda hadi ikaumiza vidole.

Akauweka ule mrija mdomoni tena, akakataa kuutoa.

Alhamisi, 26 Juni

Waridi. Waridi. Waridi. Wakaguzi wameandika, wamekunywa soda, wamekwenda zao. Mashine inabaki. Meneja amezungumza juu ya ushirikishwaji wa jamii na kuniangalia kwa fahari.

Jumapili, 29 Juni

Kumetulia. Mzee Ntakije hajagusa swichi. Wanawake wameteka bombani kama kawaida na jana hakuna aliyelalamika, ila mmoja kasema ya kwangu ilikuwa kali kidogo kuliko ya Mama Toyi. Nimefurahi kuliko ripoti ya wakaguzi.

Asubuhi nimekuta mkaa mlangoni kwangu. Pipa la uani limesuguliwa, limepata mfuniko mpya wa bati, na kwenye mfuniko kuna kufuli.

Ufunguo anauvaa Mama Toyi shingoni.