Waziri Alinishika Mkono, Sasa Mimi Ndiye Munganga wa Lubunga

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi. Mto umechafuka, una rangi ya chai ya maziwa, na roho yangu imechafuka kuushinda.

Leo nimepewa kazi ya serikali mbele ya wabunge wote wa provensi. Wamenipigia makofi. Kama mtu angeniambia asubuhi kwamba mimi, Ramazani, mpiga kasia wa Lubunga, kijana niliyefukuzwa shule kwa sababu ya mdomo, nitatoka Assemblée nikiwa munganga, mtabibu wa serikali, ningecheka mpaka nianguke majini. Sasa sicheki. Nataka kuvunja kitu. Kasia nimeshalipiga ukutani, yaya Zaina, dada yangu mkubwa, akanigombeza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Bon. Nianze pa kuanzia, hasira isinichanganye.

Disipanseri yetu, ile nyumba ya matofali ambamo watu wa ng'ambo hii tulikuwa tunatibiwa, haina munganga tangu wazungu walipokimbia. Docta Mbelgiji alipanda boti na masanduku yake. Infirmier wake, muuguzi ambaye pia tulimwita munganga, akasema anakwenda Isangi kumwona mama yake, na mpaka leo nadhani bado anamwangalia huyo mama. Amebaki papa Sefu, mlinzi, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni na dawa hana hata moja.

Mtu akiugua, tunamvusha kwenda Makiso, kwenye hospitali kubwa. Lakini tangu fujo hizi zianze, askari wa bandarini wanatuzuia wanavyotaka. Leo unapita, kesho unarudishwa kwa kitako cha bunduki. Mwenye uhakika wa kupita ni mtu wa serikali tu. Na jua likishaingia, mtumbwi wowote unapigwa risasi, hata ukibeba malaika.

Na yaya Zaina, ndiye aliyenilea, iko na mimba, karibu kuzaa.

Ya kwanza alizalia kwenye mtumbwi, katikati ya maji, askari wakitupigia kelele turudi tulikotoka. Mtoto hakulia. Mwenye kasia nilikuwa mimi. Siandiki zaidi juu ya siku ile.

Donc mtu asinisomeshe siasa. Uhuru nilishangilia kama wengine, niliimba mpaka sauti ikakauka. Sasa nataka munganga mmoja. Mmoja tu, mwenye sindano, kabla tumbo la yaya halijashuka.

Sasa sikia tulichofanya sisi wenyewe kwa akili zetu.

Habari ilifika kwamba Waziri wa Afya anavuka kuja kuona disipanseri. Mtaa ukashikwa na wazimu. Papa Sefu alikimbilia kabati na kitambaa. Wakati wa wazungu, mkaguzi akikuta kabati tupu, aliyekula fimbo hakuwa docta, alikuwa mlinzi. Alama iko mgongoni mwake, ukimwomba vizuri atakuonyesha. Kwake yeye mkubwa akija, kabati linajaa. Halina mjadala.

"Na munganga tutamutoa wapi?" nikamuuliza.

"Munganga njo wewe. Iko na kimo, iko na Kifaransa, na viatu vyako vinang'aa kuliko vya waziri. Shida yetu tutamwambia kisha kula."

Kisha kula, akishashiba. Hapo ndipo penyewe. Kwetu mgeni mkubwa hapokelewi kwa malalamiko, ni kama kumvulia nguo. Anakaribishwa, anaonyeshwa vizuri, anakula, ananawa mikono, halafu mzee anasogeza kiti na kumwambia polepole: papa, yote uliyoona ilikuwa heshima yako, ukweli ni huu hapa. Mkubwa anacheka, anaona haya kidogo, anatoa. Machifu walijua hivyo. Hata wazungu wengine walijifunza.

Basi tukajaza kabati. Chupa za docta zilikuwepo, tupu. Akina mama wa mtaa walichemsha ngai-ngai, yale majani machachu ya mboga, yakatoka maji mekundu mazuri ajabu, ungeapa ni dawa ya Ulaya. Kwenye benchi tukawakalisha wagonjwa wazima. Bosenge, mvuvi mwenye shingo ya kiboko, aliambiwa akohoe, akakohoa kwa bidii mpaka papa Sefu akamkanyaga mguu: "Kidogo! Waziri ataogopa kuingia!"

Mimi nikavaa bluzi nyeupe, koti la kazi, iliyosahauliwa na docta. Mikono ilikuwa mifupi, lakini niseme ukweli, nilipendeza. Hata Amina wa mikate, ambaye siku zote ananiita kelele za bure, aliniangalia mara mbili.

Waziri akaja. Miwani myeusi, suti, leso puani kana kwamba Lubunga inanuka. Akanishika mkono.

"Ça va ici?"

"Ça va très bien, Excellence!"

Aliuliza kama mambo ni salama, nikajibu ni salama kabisa, na Kifaransa kilinitoka kama maji ya bomba. Nikajivuna. Nilikuwa tayari kumpima hata yeye presha kama angetaka. Akalitazama kabati kutoka mlangoni, akatikisa kichwa, akatazama mbingu. Wingu lilikuwa limesimama juu ya mto. Dereva wa boti akamnong'oneza, na waziri akageuka kuondoka.

Kuku alikuwa mezani. Wali ulikuwa mezani, na pondu, na samaki wa kukaanga. Papa Sefu alikimbia na sahani ya kuku mpaka maji yakamfika magotini.

"Excellence! Bado hamujakula!"

Waziri akampungia mkono kama mtu anayeagwa vizuri. Boti likaondoka.

Kuku tulimla wenyewe, kama matangani.

Tukabaki na mbunge wetu. Siku ile alikuwa safarini, na aliporudi hatukumwambia habari ya bluzi wala ya ngai-ngai. Tuliona haya. Yeye alijua tu kwamba hatuna munganga, akapeleka swali Assemblée, na jibu lilikuwa la leo. Nilimvusha mwenyewe kwa mtumbwi wangu, yeye kavaa tai, mimi kifua mbele. Askari walimpigia saluti. Nikajibu saluti ile, hakuna aliyenikataza.

Watu wa kawaida tunakaa nyuma, kwenye mabenchi. Hakuna kusema, hakuna kupiga makofi. Kwanza likaja swali la wajane na yatima wa vita hivi. Waziri wa mambo ya jamii akasimama, akasema suala linafuatiliwa. Wakamuuliza shule zisizo na walimu. Linafuatiliwa. Mama mmoja pembeni yangu, mjane, nguo nyeusi, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa njo nani anafuatilia?" Polisi akamtazama vibaya. Nilitaka kumwambia, mama, mimi nilidhani ni wewe.

Halafu zamu yetu. Waziri wa Afya akasimama na karatasi, lakini hakuisoma. Akasema mheshimiwa amedanganywa na watu wabaya. Yeye mwenyewe amefika Lubunga, kwa macho yake, kwa miguu yake. Kabati limejaa dawa. Wagonjwa wameketi kwa utaratibu. Infirmier ni kijana safi, mwenye Kifaransa kizuri.

Sitaficha: kwenye "Kifaransa kizuri" moyo wangu uliruka kwa furaha. Mjinga mimi.

Kisha akamalizia: "Kwa hiyo yule infirmier tuliyekuwa tumemuweka kwa ajili ya Lubunga, tumempeleka kwingine."

Alikuwepo. Unaelewa? Munganga wetu alikuwepo, mtu wa kweli, na jina lake limeandikwa. Na sisi tulimfukuza kwa chupa za ngai-ngai.

Mbunge wetu alifungua mdomo, akaufunga. Mimi wangu haujui kufunga.

"Excellence, yule infirmier ni mimi! Mimi ni mupiga kasia! Hata sindano naiogopa! Zile dawa ni ngai-ngai!"

Assemblée nzima ikalipuka kwa kicheko. Président wa Assemblée akagonga kengele. Polisi akanishika kola, na mimi bado napiga kelele kwamba dada yangu iko karibu kuzaa. Niliona nimeshinda. Kweli kabisa, kwa kitambo kidogo niliona nimeshinda.

Waziri akavua miwani. Akanitazama, akanitambua, akatabasamu. Tabasamu lile nitaliona mpaka kufa.

"Monsieur le Président, sina la kuongeza. Infirmier wa Lubunga ni yule pale, amekiri mwenyewe. Wenzangu sasa mnaona kwa nini watu wa kule wanalalamika. Saa ya kazi, yeye iko anatembea mjini, anafanya mchezo."

Makofi. Wabunge walipiga makofi!

Akaagiza kesho asubuhi niwe kwenye kazi yangu, nikikosekana askari watanifuata nyumbani. Katibu akaandika. Wakapita kwenye swali lingine, la maji ya bomba.

Nimetukanwa na watu wengi, tena wenye kipaji. Hakuna aliyewahi kunitukana kwa kunipandisha cheo.

Kikao kilikwisha alasiri, na tukiwa katikati ya mto mbunge akaniuliza.

"Bluzi ile ulivaa kweli?"

"Nilivaa, papa."

"Na mimi hamukuniambia."

"Tuliona haya, papa."

Akayatazama maji. Mimi nikaendelea kupiga kasia.

Redio ilitangulia kufika. Ilisema kila kitu: Lubunga ina dawa, Lubunga ina infirmier, na infirmier mwenyewe mtoro, ameonywa. Mbele ya disipanseri nilimkuta mama mmoja aliyetoka upande wa Yanonge na mtumbwi wake. Alisikia habari kwa jirani njiani, akasimamisha safari, akamshusha mwanawe mwenye homa, akangoja tangu mchana kwenye benchi lile ambalo Bosenge alikohoa. Mtoto alikuwa wa moto, macho nusu wazi.

"Njo wewe munganga?" akanipigia kelele. "Sisi tuko tunangoja, wewe uko unatembea! Hauna haya? Hauna mama?"

Nikamwambia mimi si munganga. Akasema redio haidanganyi. Mchana, kama angeendelea kupiga kasia, angefika Makiso. Sasa jua limeingia, na hakuna kuvuka.

Papa Sefu yuko kwenye kizingiti cha mlango, funguo mkononi. Anarudia neno lile lile, hamwangalii mtu: "Ningemwambia kisha kula. Wallahi ningemwambia kisha kula." Nilitaka kumkasirikia, nimeshindwa. Mgongo wake unajua fimbo, hauna habari ya Assemblée. Lakini yule mwingine, mwenye miwani, alisoma. Alijua anachokitazama. Kabati halikuguswa, chupa haikufunguliwa, mgonjwa hata mmoja hakuulizwa unaumwa wapi. Tulimdanganya ndiyo, kwa sababu tulimheshimu. Yeye alikubali kudanganywa kwa sababu ilimfaa, kisha akaenda kuwadanganya wengine kwa kiapo cha macho yake.

Yaya Zaina alikuja na maji ya kumkanda mtoto. Akaketi taratibu, mkono kiunoni, akanitazama.

"Eh, munganga. Uchungu ukinishika, utanikunywesha ngai-ngai?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. Halafu akaacha kucheka peke yake, kabla ya wengine, akaendelea kukamua kitambaa.

Sasa naandika hapa ukumbini mwa disipanseri, mwanga unaisha. Ndani namsikia mama wa Yanonge akimbembeleza mtoto kwa Lingala. Homa haijashuka, lakini analia, na mtoto anayelia mimi nampenda. Bluzi iko kwenye msumari mbele yangu. Nilitaka kuichoma moto. Nimeitazama sana, na wazo limenijia, la kihuni kama mawazo yangu yote mazuri.

Serikali imesema mimi ni infirmier. Katibu ameandika, redio imetangaza, wabunge wamepiga makofi. Nani askari wa kumrudisha mtu wa serikali?

Kutakapopambazuka nitavaa bluzi hii yenye mikono mifupi. Yaya atakaa mbele, mama wa Yanonge na mwanawe katikati, Bosenge atashika kasia la pili, na safari hii asikohoe. Bandarini nitasema Kifaransa changu kizuri, kile kilichosifiwa na waziri mwenyewe. Mtoto hospitali. Yaya hospitali, na akae hukohuko Makiso kwa shangazi mpaka azae, hata akinuna.

Halafu mimi nitakwenda na chupa moja nyekundu mpaka verandani kwa waziri. Akiuliza mbona siko kazini, nitamjibu niko kazini, Excellence, nimekuletea dawa ya Lubunga, kunywa.

Labda watanifunga. Naogopa, nisijisifu bure. Lakini hata kama atanikuta mlangoni na kunikaribisha mezani, kuku akiwa tayari na wali unatoa moshi, safari hii sitangoja mtu ale kwanza.