Ahadi ya Daraja la Mpofi

Mpofi, 4 Machi 1953

Papa mpendwa,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa wadogo wangu. Sisi huku tunapumua. Koko Rosalie, mama yako, magoti yanamsumbua, lakini analima muhogo wake na kunigombeza kama kawaida.

Najua habari itafika Ngungu, maana dereva wa lori la pareto hana siri. Afadhali niseme mwenyewe. Daraja letu la kamba za msitu limechakaa. Wazee wamekata kamba ya mkono wa kushoto na kufunga majani mlangoni, njo alama ya kusema mtu asipite mpaka lisukwe jipya. Mimi na rafiki yangu Sidonie tumepita. Tulishika kamba moja iliyobaki, mto umejaa chini yetu, tukafika ng'ambo na kurudi.

Usiniite mjinga kwanza. Nina miaka kumi na sita. Kila siku naambiwa ngoja: ngoja ukue, ngoja uolewe, ngoja uzae. Mama alingoja hivyo, na sijamsikia akisimulia hata kitu kimoja alichofanya kwa kupenda tu. Pale katikati, Papa, nilisikia vidole vyangu vyote, hata vya miguu. Nataka kuishi namna ile.

Ni mimi binti yako,
Joséphine-Marie

Ngungu, 29 Machi 1953

Binti yangu,

Nakusalimu, na umsalimu sana mama yangu. Huku tuko wazima, ila Mama yako halali vizuri tangu dereva aseme. Mimi pia silali.

Nilimsaidia jirani yetu Gustave kuutoa mtoni mwili wa mwanawe, mwaka ule wa mafuriko. Kijana yule alikuwa na umri wako na maneno yako. Hayo unayoyaita kungoja njo yaliyokulisha mpaka leo.

Sitaki mabishano. Uniandikie kwa mkono wako, ukiapa mbele ya Mungu, kwamba hutaweka mguu kwenye daraja hilo mpaka lisukwe upya, kwa sababu yoyote. Ukikataa nakuja kukuchukua, na Koko atabaki peke yake.

Papa yako, Isidore

Mpofi, 20 Aprili 1953

Papa,

Salamu nyingi. Tuko salama, mvua tu ndiyo imezidi.

Umenishinda kwa kumtaja Koko. Naapa mbele ya Mungu: sitavuka, kwa sababu yoyote. Maneno yako siyakubali, lakini ahadi nimeitoa. Koko aliposikia alicheka, akasema, "Papa yako wakati iko kijana alikuwa anaogopa hata mbuzi."

Binti yako mtiifu, kwa shida,
Joséphine-Marie

Mpofi, 17 Juni 1953

Papa,

Pole wewe, pole Mama. Mjumbe atakuwa amekwambia kifo tu. Mimi nakuambia kilivyokuja.

Asubuhi nyoka alimuuma Koko katika shamba la muhogo. Wanaume wote walikuwa msituni na nyavu za kuwinda, na Sidonie alikuwa ameenda Walikale. Dispansari iko Itebero, ng'ambo. Kwa daraja, ambalo bado halijasukwa, ningefika mapema. Njia ya mtumbwi, kule chini, ni mchana mzima wa kutembea.

Koko alisema, "Pita kwa daraja, mutoto. Mie njo nakuruhusu."

Nilifika pale nikashika kamba. Sikuogopa, Papa. Nilikumbuka nimeapa mbele ya Mungu, nikageuka, nikaikimbilia njia ndefu. Niliporudi na muganga, siku ya pili, majirani walikuwa wamekwisha kumfunika.

Hapa wote wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Wewe njo uliniapisha. Niambie kama nilifanya vizuri.

Joséphine-Marie

Ngungu, 2 Julai 1953

Mwanangu,

Sijui nikusalimu namna gani. Gari likipatikana, mimi na Mama tutafika kwa matanga.

Umeniuliza. Nimejaribu kusema ndiyo, kisha nikajaribu kusema hapana. Nilipoandika 'kwa sababu yoyote', sikumwaza mama yangu ndani yake. Kosa hilo ni langu, usilibebe. Ahadi yako nakurudishia. Kuanzia leo utajiamulia mwenyewe, na mimi nitaendelea kukosa usingizi.

Lakini kuna neno jingine, nalo usimsomee mtu. Mjumbe alipofika mlangoni alianza kwa kusema, "Kule Mpofi kuna muntu amekufa," akanyamaza avute pumzi. Nilidhani ni wewe. Alipomtaja mama yangu, mama aliyenizaa, nilimshukuru Mungu kwa sauti, na Mama yako alinisikia.

Papa yako,
Isidore