Wimbo wa Saba

Jumatatu, 4 Machi

Albamu imetoka. Nyimbo kumi na mbili bora za mdogo wangu, Chiriku wa watu, miaka ishirini mahali pamoja. Nimeisikiliza nikipiga pasi. Kufika wimbo wa saba — nimeunguza kola! Ile sauti ni yangu. Yangu kabisa, na kikohozi kidogo kabla ya kiitikio.

Kazi yangu studio ndiyo hiyo: naimba mimi kwanza, yeye asikilize apate njia, kisha aimbe wake na wangu ufutwe. Miaka ishirini nafutwa. Huu haukufutwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia fundi mitambo. Kasema: lo! Mikanda miwili, kasha moja, maandishi yamefifia, kachukua usio wenyewe. Ananisihi nisimwambie Chiriku. Nikamjibu kwamba atagundua mwenyewe, ana masikio. Wapi! Jioni kapiga simu — anataka viatu vyake nilivyoazima. Albamu hajaisikiliza. Eti nyimbo zake anazijua.

Alhamisi, 7 Machi

Wimbo wa saba kila kona! Kinyozi wa hapo chini anaupiga tangu asubuhi. Gazeti linasema nyimbo kumi na moja ni zilezile za zamani, ila wa saba Chiriku kaurekodi upya, na hatimaye anaimba kwa moyo. Hatimaye!

Shangazi naye: mwanangu, laiti ungepewa hata nusu ya sauti ya mdogo wako. Nimekata simu. Nimelia, nimeosha vyombo, nimelia tena.

Jumamosi, 9 Machi

Amesikiliza. Kaja na miwani myeusi, hata ndani hakuivua. Nilijua atagomba. Kakaa jikoni, kamenya vitunguu vyangu vyote bila kuombwa. Mwisho kasema.

"Dada, Jumatatu redioni wanautaka ule. Moja kwa moja, bila bendi. Nifundishe."

Wimbo wake mwenyewe! Nimemfundisha saa nne nzima. Sauti anaipata, pale pa kulegeza hapapati. Akauliza siku ile nilikuwa nawaza nini. Nikasema sikumbuki. Uongo. Nilikuwa nawaza kwamba hakuna atakayenisikia.

Jumatatu, 11 Machi

Redioni, chumba cha kungojea. Maji yamezidi unga. Fundi anataka upigwe mkanda, Chiriku achezeshe midomo. Midomo, redioni! Nani ataiona? Chiriku anataka niimbe mimi nyuma ya mlango, yeye ashukuru. Nikawaambia njia ya mwongo fupi, na nyuma ya mlango mimi siimbi tena. Wote wamenuna. Naandika ili nisipige mtu.

Mtangazaji kachungulia sasa hivi, anacheka, hana habari. Mwenye wimbo wa saba aingie, dakika mbili.

Chiriku hajainuka. Amevua miwani. Ananisogezea kikombe chake cha maji ya moto, haniangalii — sijui ananipa ninywe nikaimbe mimi, au nimshikie akaimbe yeye