Siku Tano Bila Kukagua

Jumatano, 11 Juni

Bucha la tatu leo. Gogo la kukatia nyama lina nyufa, na ndani ya nyufa mna funza. Mwenye bucha ananiambia, "Bwana afya, hao si wanakufa na moto?" Wanakufa na moto! Nimefunga bucha, nimeondoka. Mama lishe wa stendi naye anasuuza sahani za watu wote kwenye ndoo moja, maji yamekuwa rangi ya chai. Binadamu ni mchafu. Miaka kumi na moja nakagua Mingoyo hii na bado sijazoea.

Nyumbani nimekuta ujumbe wa mwalimu wa chekechea. Kabla shule haijafungwa Nuru alikuwa hanywi uji. Wiki tatu nzima. Anauliza nani kaupika na kama kanawa mikono. Ana miaka mitano. Nilicheka, nikaona huyu kweli mwanangu. Mama Nuru hakucheka. Akanipa kadi ya kliniki niisome mwenyewe. Mstari wa uzito unashuka. Na nyumbani nako, nikifikiria vizuri, anadonoa tu.

Likizo ya Kilwa Masoko ipo palepale: mimi, mama yake, Nuru na mdogo wake Hamadi. Siku tano. Ila Mama Nuru kaweka sharti. Bwana afya abaki Mingoyo, aende baba. Hakuna kukagua kitu chochote. Anasema mtoto atakula akiwaona wazazi wake wanakula kama watu.

Nimekubali. Sijui nimekubali nini.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefunga mizigo. Mipango ya Mama Nuru: kuoga baharini, kula, kulala. Hakuna kuamshana. Hakuna kuvushana kwa boti kwenda kisiwani kutazama magofu na watoto wadogo juani. Hapo nampa haki yake. Hamadi ana miaka miwili na nusu, atayafanyia nini magofu? Anataka mchanga tu.

Yeye kapakia kanga, mpira na mafuta ya nazi. Mimi, alipokwenda kuoga, nimepakia sahani nne, vikombe vinne, sabuni na chupa mbili za maji ya kuchemsha. Chini kabisa ya nguo. Huku si kukagua. Ni tahadhari.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeaibika. Acha niandike yote.

Basi asubuhi. Jirani wa kiti cha mbele kamenya mayai njia nzima na maganda kayatupa miguuni pangu. Hamadi katapika ndani ya kofia yangu. Nikakaa na kofia ile mapajani hadi Kiranjeranje. Mama Nuru kanishika bega, kaona nimeanza vizuri.

Kiranjeranje tumeshuka kwa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama mkwe wangu. Ndiye aliyemlea Mama Nuru. Huwezi kupita njia ile usishuke, hata uwe na haraka gani. Ni mara ya kwanza anawaona watoto wangu wote wawili. Kachinja kuku. Kapika ugali wa muhogo na wali wa nazi, vyote viwili, na alfajiri alikwenda mwenyewe shambani kuchuma kisamvu. Mimi mkwe nikatengewa barazani peke yangu, sinia langu, heshima kamili. Yeye, Mama Nuru na watoto wakakaa mkekani uani. Mlango uko wazi, naona kila kitu.

Kwao mgeni mtoto halishwi kwa kijiko. Bibi anamega tonge la kwanza, analichovya kwenye mchuzi, anamtia mjukuu mdomoni kwa mkono wake. Ndiyo karibu yenyewe. Hamadi kapanua mdomo kama kifaranga. Zamu ya Nuru ikafika. Mimi macho yote kwenye mkono ule. Kucha ndefu, weusi chini ya kucha. Vidole vimetoka mdomoni mwa Hamadi sasa hivi. Nuru kanitazama mimi. Kafunga mdomo.

Nikainuka. Nani kanituma? Nikafungua begi, nikatoa sahani, kikombe na chupa, nikaingia navyo uani, nikaenda kusimama kwenye mkeka wa wakwe zangu. Nikasema, "Samahani mama, huyu mumpakulie humu." Tonge bado liko hewani.

Mama Mkubwa hakugomba. Laiti angegomba. Akalirudisha tonge kwenye sinia. Akanawa. Akachukua kawa, akafunika chakula chote. Ndipo akasema kwa upole, "Mkwe kaja na vyombo vyake. Pengine na chakula chake pia kaja nacho."

Watoto wa jirani walikuwa wanachungulia uani. Wamecheka hadi wamekaa chini.

Tumelala hapohapo. Mama Nuru kanigeuzia mgongo. Bado naona sikukosea kuhusu zile kucha. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Kilwa Masoko. Gesti. Mto una unywele mrefu wa mtu nisiyemjua. Chandarua kina madoa ya damu ya mbu waliopigiwa humo. Chooni kuna ndala mbili, za kushoto zote, mbichi. Wamevaa wangapi? Nimetema mate. Halafu nikakumbuka sharti, nikazivaa. Vidole vimejikunja kama vya kuku.

Shemeji kapiga simu kutoka Lindi, kaomba kuongea na Bwana Sahani. Kiranjeranje hadi Lindi, habari imefika kabla hatujafungua mizigo. Mama Nuru kanipa simu bila kucheka.

Nuru kala biskuti nne. Za pakiti, kaifungua mwenyewe. Kuku kakataa. Wali kakataa. Yai kakataa, kwa kuwa yai linatoka matakoni. Ni mimi niliyemwambia hivyo, mwaka jana, kwa kujionyesha.

Jumapili, 15 Juni

Ufukweni. Kuna majani ya baharini yanayooza, matumbo ya samaki, mbuzi wa watu wanazunguka. Nimejizuia. Hamadi kala mchanga, kacheka, kala tena. Mama yake kamkimbiza ndani ya maji na nguo zake zote, sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka huu uanze. Likizo yenyewe ndiyo hii, nikajua. Haikutaka kitu kingine.

Nuru kasimama juu ya kanga. Saa nzima, miguu pamoja, asiguse mchanga. Nikamwita aingie majini. Akasema samaki wanakunya humo. Hilo nalo ni langu.

Nikamshika mkono nimpeleke kwa nguvu. Mkono mkavu, viganja vimepasuka kama kisigino cha mkulima. Anajiosha. Anajiosha kila mara, na mimi nilikuwa namsifu mbele ya wageni. Nikasimama na mkono ule sijui niufanyeje. Mama yake akaja, akambusu shavuni. Nuru akajifuta shavu kwa kanga. Mama Nuru aliona. Alikwenda kukaa peke yake, mbali.

Kisha mtoto akaanguka. Hivihivi, bila sauti, kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Nimembeba hadi zahanati nikikimbia pekupeku, nimekanyaga sijui nini na nini. Wakampima malaria, hana. Wakampima kila walichoweza. Muuguzi, binti mdogo tu, akamvuta ngozi ya mkono, akamtazama macho, akanigeukia. "Shikamoo baba. Huyu mtoto ana njaa." Halafu akashusha sauti ili watu kwenye benchi wasisikie, akaniuliza kama nyumbani chakula kipo.

Mimi. Bwana afya. Ninayebandika mabango ya lishe.

Nikasema kipo. Hakuniamini. Akampa Nuru maji ya chumvi na sukari, Nuru akauliza kikombe kimeoshwa na nani. Yule binti akanitazama tena, safari hii akaelewa. Alinitazama ninavyowatazama wenye mabucha.

Najichukia. Nimeandika, na ndivyo ilivyo.

Jumatatu, 16 Juni

Amekunywa pakiti mbili za maziwa. Basi.

Muuguzi alisema tusimlazimishe, tule tu mbele yake. Nikasema haya. Nikamchukua Nuru peke yake hadi kwa mzee anayekaanga pweza karibu na soko. Mafuta meusi. Kijiti cha kulia kimechomekwa kwenye kiazi, wanakitumia wote. Mzee kapiga chafya, kafuta pua, kaendelea kukata. Yarabi. Nikala. Vipande sita. Nilivitafuna kwa kufumba macho, kila kimoja kikitaka kurudi kilikotoka. Nikajilazimisha kutabasamu.

Nikategemea ataomba. Alilia. Alilia kwa sauti, akanishika suruali, akaniambia nitapike, nitapike upesi. Watu wakajaa. Yule mzee kaacha kisu. Mtoto alidhani baba yake anakufa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba watu wanaokula ovyo wanakufa. Si mara moja. Nilikuwa namwambia kila siku, mezani, kama wengine wanavyosema bismillahi.

Mchana kutwa amekaa kando yangu akinigusa tumbo. "Baba, linauma?" Haliumi. "Sasa je?" Haliumi, mama. Hakwenda kucheza. Hakulala. Analinda asije akaachwa na baba. Nilitaka ardhi inimeze.

Nimempigia Mama Mkubwa kumwomba radhi. Nimemweleza yote, hadi lile la benchi la zahanati.  Kisha kasema kosa la mkwe ni jepesi, ila mtoto nimemfundisha kuwaogopa watu, na hilo nilibebe mwenyewe. Hakunisamehe kwa maneno mengi. Kauliza Nuru amekula nini. Nikamwambia. Kakata simu.

Mama Nuru alikuwa mlangoni, kasikia. Kaniwekea chai. Ni maneno ya kwanza tangu Ijumaa, ingawa hakusema kitu.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya mwisho. Basi letu ni saa sita.

Nuru aliamka kabla yangu. Nilifumbua macho nikamkuta kasimama kando ya kitanda ananitazama pua, kama napumua. Nikamwambia shikamoo yako iko wapi. Akasema shikamoo baba. Marahaba. Akanigusa tumbo, akasema, "Hujafa." Nikasema sijafa.

Tulikwenda ufukweni asubuhi mapema, wote wanne. Mbuzi wapo, matumbo ya samaki yapo. Mama Nuru alinunua chapati kwa mama mmoja anayeuza chini ya turubai, akatandika kanga. Hakumpa Nuru. Alikula yeye. Mimi nilikula. Hamadi aliuma ya kwake, akaiangusha, akaiokota, akaiuma tena. Hakuna aliyemsemesha Nuru.

Alikuwa ananitazama tumbo. Kisha akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akachukua kile kipande mkononi mwa Hamadi. Kimelowa mate, kina mchanga upande mmoja, na ukingoni palikuwa na kitu cha kijani ambacho mpaka sasa sijui ni nini.

Kinyaa kilinipanda. Sitadanganya humu. Mikono yangu iliinuka yenyewe. Niliikalia.

Akauma. Akatafuna polepole, ananitazama. Nikatafuna na mimi, ingawa mdomoni sikuwa na kitu. Akameza. Mama yake alikuwa kageuza uso upande wa bahari, mabega yanatikisika.

Nuru akasema anataka nyingine, kubwa. Nikachukua chapati, nikamkatia kwa mkono. Sikunawa.