Wino wa Chemchemi ya Katemo

Kasomeno, tarehe 11 Februari 2024

Kwako mudogo Clément,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima. Mguu wangu wa kushoto unavimba, lakini ulimi haujavimba, kwa hiyo usishangilie mapema. Mke wako Daniella hajambo? Kifua chake kimeachia?

Najua umeifunga namba yangu katika simu yako tangu matanga ya Mama. Miaka mitatu. Ndiyo maana barua hii inakuja na dereva wa lori la mahindi. Sikuombi msamaha kwa niliyoyasema siku ile mbele ya watu. Nilisema unaosha kalamu za wakubwa wanaotuuza, na mpaka leo unaziosha. Manotari, maavoka wa kutetea kesi, wakurugenzi: wote wanapita kwenye meza yako pale karibu na posta, na wote wakiondoka wanakwenda kutia sahihi. Muntu anayenoa kisu asiulize kisu kinakwenda kukata nini? Basi. Si hilo lililoniandikisha.

Kampuni ya mgodi inataka vilima vya nyuma ya kijiji chetu. Tumepigana nao miezi kumi na minne. Mwisho tumekubaliana: vilima wachukue, chemchemi ya Katemo ibaki yetu. Nyumba mia moja na sita zinakunywa pale, na hakuna maji mengine karibu. Chef Chilufya, mkuu wetu wa kijiji, ndiye atakayetia sahihi, mbele ya kijiji kizima. Lakini mzee amekataa bic, kalamu ya plastiki. Aliwaambia wajumbe wa kampuni usoni: "Bic iko ya mutoto wa masomo. Miye nitaandika na plume, sawa vile babu yangu aliandikaka na Bazungu. Ila mara hii tutasoma kwanza." Wajumbe walicheka. Mimi sikucheka.

Nahitaji kalamu ya wino, na wino wake. Mzee ana miaka themanini na miwili, mkono unatetemeka, na anakandamiza kama anachimba muhogo. Chagua kana kwamba unampenda dada yako mkubwa.

Yaya wako,
Lydie


Lubumbashi, tarehe 24 Februari 2024

Kwako Yaya Lydie,

Jambo. Daniella bado anakohoa, lakini ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo anapona. Mguu huo upandishe juu ya kiti unapoketi, usijifanye msichana.

Kalamu iko katika kisanduku hiki. Unaijua desturi ya Baba. Miaka yote ya ukarani wake wa reli hakumrudishia mtu kalamu aliyoitengeneza kabla hajaandika nayo barua ya kweli, kwa mtu wa kweli. Kuchora duara kwenye kipande cha gazeti hakutoshi, alisema; kalamu ukiiuliza mambo ya bure inakujibu uongo. Kwa hiyo barua hii ni kazi, si upatanisho. Usikosee.

Nilijaribu kalamu sita. Zenye ncha, yaani plume, nyembamba niliziweka kando: mkono unaotetemeka juu ya plume nyembamba unachora miiba, na mkono mzito unaipasua midomo. Hii ina plume nene ya chuma, ngumu, inavumilia. Mstari wake mpana unaficha mtetemeko. Nimeipunguza makali kidogo kwa jiwe laini ili mzee akiishika upande isikwaruze. Mwili wake ni mnene. Vidole vya mtu mzima havipendi kubana kijiti.

Wino wa kichupa hiki kidogo ni ule wa rejista, wa maofisi ya zamani. Ukiandika unatoka hafifu, kama maji yaliyooshea jinzi. Msiogope. Unashika hewa, unaingia ndani ya karatasi, siku ya tatu ni mweusi. Maji hayautoi. Effaceur, ile kalamu nyeupe wanayofutia watoto wa shule, haiutoi. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo ndiyo shida yake, maana unavyoshika karatasi ndivyo unavyoshika kalamu. Ukikaukia ndani, umeziba. Jaza asubuhi ya sahihi, si kabla. Jioni ile ile osha kwa maji baridi, vuta na kusukuma pampu mpaka maji yatoke meupe. Maji ya moto marufuku.

Kuhusu kisu chako: anayesoma kabla ya kutia sahihi, hakuna kalamu itakayomuuza. Ulikuwa na miaka thelathini darasani ya kuwafundisha watu hilo.

Mudogo wako,
Clément


Kasomeno, tarehe 19 Machi 2024

Kwako mudogo,

Salamu. Mguu uko juu ya kiti, umefurahi?

Imekwisha! Tumetia sahihi. Ilichelewa siku tisa kwa sababu Chef alishikwa na homa, watu wakaanza kusema ameogopa. Kumbe mzee aliinuka, akavaa koti lake la harusi, akaja kwa miguu. Avoka wa kampuni akamnyooshea bic. Chef akaitazama, akamuuliza: "Weye, kwa ndoa yako ulivaaka pete ya mupira?" Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia.

Katika karatasi waliyoipiga kwa mashine, neno la chemchemi halikuwemo. "Tumesahau," wakasema. Wamesahau! Kurasa nane hawakusahau hata koma moja inayowafaa. Nikauandika mstari mwenyewe kwa kalamu yako, chini kabisa, juu ya mahali pa sahihi: chemchemi ya Katemo na mita mia mbili kuizunguka hazimo. Chef akausoma kwa sauti, akatia sahihi, na mjumbe wao akatia kando.

Nimebandika tangazo kwenye mlango wa parokia, kurasa tatu, nikiwapasulia ukweli wao. Nimeandika kwamba mstari ule umetiwa kwa wino usiofutika. Wausome.

Kalamu? Iliandika.

Yaya wako,
Lydie


Kasomeno, tarehe 9 Juni 2024

Clément,

Salamu kwa Daniella. Nyingine sina.

Wamekuja na waya. Wamezungushia Katemo. Wanawake walifika na madumu yao wakakuta nguzo na mlinzi. Nilimtolea sauti yote niliyo nayo, naye akaniambia kwa upole: "Madame, soma karatasi yenu." Akanionyesha kopi waliyoitoa bureau ya mahakama ya Lubumbashi, ilikowekwa ile ya asili. Sahihi ya Chef ipo. Mstari wangu haupo. Mahali pake ni peupe kama macho ya mtu asiyekujua.

Keren, binti yangu, aliupiga picha siku ile kwa simu, na mstari unaonekana. Bureau wamesema picha ya simu kila mtu anaweza kuitengeneza.

Sasa nijibu. Wino usiotoka umetokaje? Ulinitumia wino gani? Ulichanganya na maji? Au mmoja wa wateja wako alikuomba kitu? Ndiyo, nimeandika hivyo, na sifuti. Watu wanatembea kilomita nne kwenda mtoni, na maji wanayorudi nayo yana rangi.

Nakutumia ruhusa kwa jina la kijiji. Nenda ukaione karatasi.

Lydie


Lubumbashi, tarehe 17 Juni 2024

Kwako Yaya,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaiweka chini ya chupa ili isiendelee kunitazama. Daniella anakusalimu. Alitaka kukujibu mwenyewe, nikamnyang'anya kalamu.

Nimeiona karatasi. Greffier, karani wa mahakama, anaitwa André. Ni mteja wangu, ndiyo, mmoja wa hao ninaowaoshea. Alinikalisha dirishani akaniwekea ukurasa wa nane. Sikuhitaji dakika moja.

Sahihi ya Chef ni ya buluu.

Si nyeusi, Yaya. Miezi mitatu imepita na ni buluu ya anga, buluu ya daftari la darasa la tatu. Hiyo ndiyo buluu inayofutika, uliyoisahihisha katika madaftari maisha yako yote. Plume ni yangu, naujua upana wake. Wino si wangu. Mstari wako waliupitishia effaceur, kazi ya nusu dakika, wakaiacha sahihi kwa sababu sahihi wanaihitaji.

Sasa nakuuliza mimi. Uliijaza kalamu yangu lini? Siku ile Chef alipopata homa, uliiosha?

Na jambo baya zaidi. Avoka wao ameweka tangazo lako la parokia ndani ya faili. Amepiga mstari mwekundu chini ya maneno yako "wino usiofutika". Hoja yake ni fupi: Madame mwenyewe amesema wino ule haufutiki, basi hakuna kilichofutwa, basi mstari haukuwako. André alinieleza huku akitazama dari. Anasema hakimu anaweza kukubali karatasi ipimwe kwa taa ya zambarau, ile wanayopimia noti wabadilishaji fedha. Alama za buluu iliyofutwa huwa zinajitokeza. Lakini lazima aliyejaza kalamu aandike, na kuapa, ni wino gani aliotia.

Mimi siwezi kuapa. Sikuijaza.

Mudogo wako,
Clément


Lubumbashi, tarehe 8 Julai 2024

Yaya,

U mzima? Wiki tatu hujajibu. Nimeifungua namba yako, nimepiga, hupokei. Keren aliniambia unakaa chumbani na hutaki gazeti. Wewe, hutaki gazeti!

Kesi niliyoifungua kwa ruhusa yako ni tarehe 18. Bila kiapo chako, avoka atasoma tangazo lako kwa sauti na wote tutarudi nyumbani.

Clément


Kasomeno, tarehe 13 Julai 2024

Kwako mudogo wangu Clément,

Salamu. Mimi ni mzima, kama mtu aliyetapika ni mzima.

Niliijaza siku moja kabla ya siku iliyopangwa. Nilitaka kuiona ikiwa tayari. Kisha homa ya Chef, siku tisa, na mimi nikizunguka nyumba kwa nyumba kusema hajaogopa. Asubuhi ya sahihi nikaifungua mezani, mbele ya watu mia mbili na avoka akitabasamu na bic yake. Haikutoa tone. Nikaingia ndani, nikaiosha, maji yakatoka na vipande vyeusi. Chupa yako ilikuwepo, nusu nzima. Nikaikasirikia. Nikasema, wino huu wa Clément ni mzito kama Clément. Kabatini nilikuwa na buluu yangu ya shule. Nikaijaza, ikaandika vizuri sana, nikatoka nje kama malkia.

Miaka thelathini nimekataza watoto kuandika mtihani kwa buluu ile. Nilijua. Sikusahau hata kidogo. Nilijiambia: ni mara moja tu, na nani atathubutu? Halafu jioni nikaketi kuandika lile tangazo, mkono ukaandika "usiofutika" kwa sababu sentensi ilikuwa inalidai neno hilo. Ilikuwa sentensi nzuri. Wanaouza nchi hii huanza hivyo hivyo, kwa sentensi nzuri.

Na kukusingizia wewe: hilo nalifuta.

Leo baada ya misa nilisimama mbele ya parokia nikawaambia wote. Hakuna aliyenisaidia, na vizuri. Mama Abigaël, ambaye nilimfundisha mwaka wangu wa kwanza, aliinuka na dumu lake tupu mkononi: "Madame, ulitupigaka fimbo juu ya tone moja ya wino. Leo fimbo iko wapi?" Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, na hapo ndipo palipouma. Kijana mmoja akasema nimekula pesa za kampuni. Nilifungua mdomo nimpasue, nikaufunga. Hiyo ni mara ya kwanza, mwulize Keren.

Chef Chilufya alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza tu: "Njo tufanye nini sasa?"

Kiapo ni hiki hapa, karatasi tatu, kwa wino wako. Nimejaza leo asubuhi na nimeosha saa hii hii. Tangazo nimelibandua kwa kucha zangu, nimebandika lingine.

Yaya wako,
Lydie


Lubumbashi, tarehe 20 Julai 2024

Kwako Yaya,

Jambo sana. Najua Keren alikupigia, lakini nina kalamu ya notari ya kujaribu, na leo nina jambo la kweli la kuiambia.

Avoka alisoma kiapo chako akacheka: "Kwa hiyo Madame alidanganya mwezi wa tatu, leo tumwamini?" Hakimu, mama mmoja mfupi mkali, akamjibu: "Maître, muntu anayejisingizia kosa mbele ya kijiji chake anapata faida gani? Zimeni mataa." Wakafunga mapazia. André akaishika taa ya zambarau juu ya ukurasa wa nane. Mstari wako ukaanza kutoka, Yaya, kama kitu kinachopanda toka chini ya maji. Haukuja wote. "Katemo" ilikuja nzima. "Mita mia" ikaja, "mbili" ikagoma. Kwenye karatasi palibaki mfereji wa plume ile nene, na hakimu aliupapasa kwa kidole.

Hakimu ameamuru: waya utolewe. Karatasi imekuwa batili yote, iandikwe upya ndani ya siku thelathini. Kampuni inasema itakuja, lakini mimi siwaamini mpaka niione buluu hafifu ikigeuka nyeusi.

Mudogo wako,
Clément


Kasomeno, tarehe 3 Agosti 2024, adhuhuri

Clément,

Unisamehe penseli. Salamu zote utazipata mdomoni mwangu.

Waya umetoka, kampuni imekuja, karatasi imesomwa mara tatu kwa sauti. Chef ametia sahihi wa kwanza. Halafu akamwambia avoka: "Muntu mumoja banaweza kumufuta. Sasa tutaona kama bataweza kufuta kijiji." Ameagiza kila nyumba itie sahihi yake. Mia moja na sita. Wamepanga mstari toka asubuhi, na kila mmoja anasoma kwanza, hata wanaosoma polepole, hata wanaosomewa na watoto wao. Mimi kazi yangu ni kujaza kalamu na kunyamaza.

Tumefika nyumba ya sitini na tatu. Chupa imekauka. Avoka anagawa bic zake kwa tabasamu, na hakuna hata mmoja anayeipokea. Wameketi chini palepale walipokuwa wamesimama. Mama Abigaël amesema hawaondoki.

Dereva anaondoka sasa hivi, kesho alfajiri anarudi kutoka huko. Wino usiutume naye. Panda naye, uulete mwenyewe.

Yaya wako,
Lydie